Noti za mzigo za RML zinanifia mkononi: nahama OpenERP 7 kwenda Odoo 16

MamaStoo_Arua · Jumatatu, saa 4 usiku

Jamani, habari za jioni. Niko Arua, Uganda, duka la jumla la vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, misumari, rangi. Mimi si programa, nasema mapema ili mtu asinirushie maneno mazito. Niliajiriwa keshia. Mwaka 2013 alikuja fundi akatuwekea OpenERP 7, programu ya biashara ambayo sasa inaitwa Odoo, mimi kazi yangu ikawa kumletea chai na kumshikia nyaya. Siku ya kuondoka akanionyesha faili moja ya RML, lugha ya zamani ya kupanga ripoti za kuchapa, akasema, "Mkibadilisha namba ya simu, badilisha hapa. Kwingine usiguse." Nikagusa. Leo faili ile naijua kama jiko langu. Hata umeme ukiwa umekatika naweza kukutajia upana wa kila safu.

Faili yenyewe ndiyo inayotoa noti ya mzigo. Karatasi za mfululizo, nakala tatu: nyeupe ya mteja, waridi ya askari wa geti, njano inabaki stoo. Printa ya utepe, ile inayolia kama cherehani. Maandishi ni ya Kiswahili, niliyaweka mwenyewe, maana nusu ya wateja wetu wanavuka mpaka wa Vurra kutoka Ariwara, Kongo, na wengine wanatoka Yei, Sudan Kusini. Kiingereza kinasomwa na mkaguzi wa hesabu, lakini wapakiaji na madereva ni Kiswahili tu.

Sasa bosi anataka tuhame. Sababu ni EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato. Tangu 2021 sisi tuliosajiliwa VAT kila ankara lazima ipite URA irudi na namba yake na QR, na OpenERP yetu ya zamani haijui habari hizo, kwa hiyo naandika kila ankara mara mbili: mara moja kwetu, mara moja kule. Nimeweka Odoo 16 kwenye mashine ya majaribio. Natafuta RML yangu pa kuiweka, hakuna. Nimesoma kwamba toleo la 8, mwaka 2014, ndilo lililoleta QWeb, njia mpya ya kuandika ripoti, na toleo la 11 RML ikang'olewa kabisa. Yaani faili yangu ni marehemu, ila hakuna aliyeniita mazikoni.

Tulimlipa kijana mmoja atutengenezee noti mpya. Akaleta karatasi ya A4 nzuri ajabu, logo ya rangi, mistari ya kijivu. Ijumaa tukaijaribu kwa gari moja la saruji, mabati na misumari. Gari likafika getini. Afande wetu pale ni mwanajeshi mstaafu, ana tochi ya simu na kalamu nyekundu, na miaka yote anatazama sehemu moja tu ya karatasi: chini kulia, JUMLA. Akageuza karatasi. Akaigeuza tena. Akasema, "Hii haina hesabu. Gari halitoki." Kweli haikuwa na jumla. Logo ilikuwa imekula robo ya ukurasa, orodha ikavukia ukurasa wa pili, na hesabu ya mifuko haikuwekwa popote. Tulimtoa mteja saa 2 usiku, kwa noti niliyoandika kwa mkono.

Basi naomba msaada. Je, kuna chombo cha kugeuza RML kuwa QWeb? Na kwa nini intaneti ikikatika PDF nayo inagoma, wakati seva iko hapa hapa chini ya meza yangu? Halafu printa yetu ya utepe ikipewa PDF inachora kila herufi polepole kama mtoto wa P1, na nakala ya tatu haisomeki.

---

fundi_Namakwekwe · Jumanne, saa 1 asubuhi

Mama, pole sana, na huyo afande mnunulie soda. Ndiye mpimaji bora wa ripoti niliyewahi kumsikia.

Chombo cha kugeuza usikitafute. Mwaka 2018 nilikuwa na ripoti kumi na moja za mteja hapa Mbale, nikaandika skripti ya kugeuza `para` kuwa `p` na `blockTable` kuwa `table`. Ilifanya kazi kwa maana kwamba kitu kilitoka. Lakini RML inapanga ukurasa kwa vipimo: safu hii pointi 240, ile pointi 60, na kila kitu kinakaa pale ulipokiweka. QWeb ni HTML, lugha ya kurasa za wavuti, yenye sifa zinazoanza na `t-`, na HTML inatiririka kama maji, inajaza palipo wazi. Faili zilizozaliwa na skripti yangu zilikuwa HTML inayojaribu kusimama kama RML. Nikazitupa zote nikaandika upya, siku moja kwa kila ripoti. Wewe una moja, tena unaijua kwa moyo. Ichapishe ya zamani, iweke mezani, andika mpya ukiitazama kwa macho. Msimbo wa zamani usiufungue kabisa.

Isipokuwa mahali pamoja, na hapa tafadhali soma taratibu. Kwenye toleo la 7 idadi kwenye mstari wa mzigo ilikuwa `product_qty`. Ukienda 16 utaikuta `product_qty` ipo, jina lile lile, na utafurahi. Usifurahi. Kuanzia toleo la 8 hiyo ni idadi iliyogeuzwa kuwa kipimo cha msingi cha bidhaa. Kipimo alichouziwa mteja kiko kwenye `product_uom_qty`, na kilichotoka stoo kweli kwenye 16 ni `quantity_done`. Kama misumari mnaihesabu kwa kilo lakini mnauza katoni za kilo 25, mteja wa katoni 4 atapata noti inayosema 100. Hakuna kosa litakalojitokeza kwenye skrini. Na ile `move_lines`, yaani mistari ya hati ya kutoa mzigo, sasa inaitwa `move_ids`.

Vile vikokotoo mlivyoviweka kwenye darasa la `rml_parse` (najua mnavyo, kila mtu anavyo) vinahamia kwenye modeli ya `AbstractModel` yenye jina la `report.` likifuatiwa na jina la kiolezo, ndani ya `_get_report_values`. Jumla ya afande ni mstari mmoja: `sum(o.move_ids.mapped('quantity_done'))`. Lakini fikiria kwanza, unajumlisha mifuko na mabati pamoja? Kama ndivyo, jumla hiyo haina maana, tenganisha kwa kipimo. `setLang` ya zamani, ya kuchagua lugha, sasa ni `t-lang` kwenye `t-call`. Kiolezo cha `stock.report_delivery_document` usikihariri moja kwa moja, kirithi kwa moduli yako. La sivyo siku utakaposasisha moduli ya `stock` kazi yako itafutika.

Halafu intaneti. PDF haichorwi na Odoo yenyewe, inachorwa na wkhtmltopdf, ambayo ni kivinjari kisicho na dirisha. Odoo inakipa HTML, nacho kinarudi kwenye seva kuomba picha na mitindo kwa anwani iliyo kwenye `web.base.url`. Kama bosi aliingia mara moja akiwa nyumbani kwa jina la kikoa, anwani hiyo imejibadilisha kuwa ya nje. Intaneti ikikatika, kivinjari kinatafuta jina la kikoa ambalo hakiwezi kulipata, huku seva iko mguuni pako. Nenda kwenye vigezo vya mfumo, ongeza `report.url`, thamani `http://127.0.0.1:8069`. Kisha weka `web.base.url.freeze` isibadilike tena. Na kama kwenye usanidi kuna `workers = 1`, ongeza ziwe angalau 2, maana wkhtmltopdf inaomba faili kwa mfanyakazi yule yule anayeisubiri, wanabaki wanatazamana.

Andika `wkhtmltopdf --version` uone kama kuna maneno "with patched qt". Ile ya hazina ya Ubuntu hainayo, na bila hayo kichwa na mguu wa ukurasa havitoki.

---

Kijana_Gulu · Jumanne, saa 6 mchana

Samahani wakubwa, lakini mbona mnajitesa? Wekeni `report_py3o`, moduli ya OCA (jumuiya ya watengenezaji wa Odoo), kiolezo kiwe faili ya `.odt`, Mama akifungue kwa LibreOffice avute safu kwa kipanya. QWeb ni kazi ya programa. Na hiyo wkhtmltopdf mnayomshauri aiweke, mradi wake ulifungwa tangu Januari 2023. Mnamtoa kwenye injini moja iliyokufa mnampeleka kwenye nyingine.

---

fundi_Namakwekwe · Jumanne, saa 7 mchana

Kijana una haki kwenye la pili, na ndiyo maana sikumwambia aweke mapambo. Injini ile ndani yake ni WebKit ya zamani, mbinu mpya za kupanga ukurasa kama flexbox ya kisasa na grid haizijui. Jedwali la kawaida, basi. `thead` iwe `table-header-group` ili kichwa kirudie kila ukurasa, `tr` iwe `page-break-inside: avoid` ili mstari usikatwe katikati. Kiolezo cha namna hiyo hata injini ikibadilishwa kesho kitahama bila kelele.

py3o naipenda kwa barua na mikataba. Kwa noti ya mzigo inayotoka mara 80 kwa siku nisingeitumia: kila noti inapitia LibreOffice kwenye seva, na seva ya chini ya meza naijua inavyokuwa.

---

Karani_Malaba · Jumatano, saa 3 usiku

Mama, shikamoo. Mmeacha swali la printa, na mimi ndilo ninaloliishi. Niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani, nakala nne kila karatasi, vumbi la malori mpaka kwenye utepe.

Usiipe printa ya utepe PDF. PDF ni picha kwake. Kichwa kinapita juu ya mstari mmoja mara kadhaa kuchora vitone, ndiyo maana inakawia, na picha hiyo haifiki vizuri kwenye karatasi za chini, ndiyo maana nakala ya tatu inafifia. Mpe maandishi. Odoo ina aina ya ripoti inayoitwa `qweb-text`, watu wengi hawaijui kwa sababu imejificha kwenye orodha chini ya `qweb-pdf`. Kiolezo ni kile kile cha QWeb, ila kinachotoka ni maandishi matupu, bila wkhtmltopdf, bila CSS, bila lolote la kusubiri.

Hesabu zake ni za shule ya msingi. Karatasi ya inchi 11 kwa mistari 6 kila inchi ni mistari 66. Kwa herufi 10 kila inchi una herufi 80 kwenda kulia. Gawanya: jina la bidhaa 44, kipimo 12, idadi 10, na nafasi katikati. Jina ulikate kabla ya kulipanga, `line.product_id.name[:44].ljust(44)`, idadi `rjust(10)`. Usipokata, bidhaa moja yenye jina refu itasukuma safu zote na afande atapiga filimbi.

Mitego mitatu iliyonila. Kwanza, kila ukibonyeza Enter ndani ya kiolezo, printa nayo inaruka mstari. `t-foreach` yangu ilipangwa vizuri kwa macho yangu na ikatoa noti yenye mistari mitupu kati ya kila bidhaa. Ibane iwe mbaya kuitazama. Pili, printa inahitaji alama ya kutoa ukurasa, hex 0C, na kiolezo ni XML, na XML haikubali alama hiyo ndani yake hata uipake asali. Mimi nimeandika `~~TOA~~` mwishoni, na skripti ndogo kwenye kompyuta ya stoo inaigeuza kuwa 0C kabla ya kutuma kwa `lp -o raw`. Skripti hiyo inachungulia folda ya vipakuliwa. Faili ya noti ikitua tu, inaichapa na kuihamisha. Tatu, mteja mwenye alama ya `&` kwenye jina la duka lake atachapwa `&`. Mmoja alinipigia simu kuuliza kwa nini tumembadilisha jina. Skripti hiyo hiyo iirudishe.

Ankara ya kodi ni habari nyingine. Ile ina QR, lazima iwe picha, kwa hiyo hiyo iende PDF na printa ya leza. Usizichanganye.

---

MamaStoo_Arua · Jumatano, saa 4 usiku

Karani, marahaba mwanangu. Sikujua kabisa kwamba naruhusiwa kutenganisha. Mimi nilidhani ripoti mpya maana yake lazima PDF. Nipeni wiki mbili, mwisho wa mwezi unanibana.

---

MamaStoo_Arua · Jumamosi, saa 10 jioni, wiki tatu baadaye

Nimerudi. Nilisema mbili zikawa tatu, kwa sababu umeme, na kwa sababu ya misumari.

Fundi, awadifo sana kwa lile la `product_qty`. Yule kijana tuliyemlipa alikuwa amelitumia. Nilitafuta noti yake ya Ijumaa ile nikaifungua: misumari ya inchi nne, katoni 6, imeandikwa 150. Afande kwa kukataa karatasi isiyo na jumla alituokoa na jambo ambalo hata mimi sikuliona, maana mteja angerudi na karatasi yetu yenye mhuri wetu kudai katoni 144 zaidi. Nilikaa nikaitazama ile namba mpaka chai ikapoa.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilichapa noti ya zamani, nikaibandika ukutani kwa selotepu, nikaandika mpya bila kufungua RML. Niliifungua mara moja tu, nakiri, kuangalia namna nilivyoandika "Imepokewa ikiwa kamili na". Kumbe tangu 2014 kulikuwa na kosa la tahajia na hakuna aliyewahi kusema. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuangalia ripoti kwenye kivinjari kwa anwani ya `/report/html/` na namba ya noti mwishoni. Nabadilisha, naita upya, naona. Zamani kila jaribio lilikuwa karatasi tatu kwenye pipa.

`report.url` nimeiweka. Jumanne intaneti ilikatika tangu asubuhi mpaka saa 9, na ankara za majaribio zilitoka kama kawaida. EFRIS ndiyo haitoki bila intaneti, lakini hilo si la kiolezo.

Noti sasa ni `qweb-text`. Mstari wa kwanza niliousikia ukichapwa nilicheka peke yangu, cherehani imerudi. Nakala ya njano inasomeka. Jumla nimezitenganisha: MIFUKO, VIPANDE, KATONI, kila moja mstari wake, chini kulia. Kijana wa Gulu, py3o nimeiweka pia kwa barua za madeni, bosi anazihariri mwenyewe na ananiacha nipumue.

Toleo la 7 sikulizima. Liko kwenye mashine ya zamani, kila mtu nimempa ruhusa ya kusoma tu, kwa sababu kumbukumbu za kodi tunatakiwa kuzitunza miaka mitano, na sitaki kuchapa upya ankara za zamani kwa kiolezo kipya zikaonekana kama zilitoka jana.

Jana tumejaribu gari la kweli, mifuko 420 kwenda Koboko. Afande akachukua ile ya waridi, akamulika chini kulia, akahesabu na kalamu yake nyekundu. Akafungua geti. Halafu akanifuata dukani na karatasi mkononi. "Mama, hesabu ipo. Lakini maandishi madogo, na mimi macho yangu ni ya 1986." Karani, kuna namna ya kukuza mstari mmoja tu?

---

Karani_Malaba · Jumamosi, saa 1 usiku

Ipo. Hex 0E mwanzoni mwa mstari, herufi zinakuwa na upana mara mbili na zinarudi kawaida mstari ukiisha, huna haja ya kuzima. Fanya kama 0C: andika `~~PANA~~` kwenye kiolezo, skripti igeuze. Kumbuka tu mstari huo una herufi 40, si 80, kwa hiyo `rjust` yake iwe 40.

---

MamaStoo_Arua · Jumamosi, saa 2 usiku

"JUMLA MIFUKO 420" ni herufi 16. Inaingia na nafasi inabaki. Jumatatu asubuhi nampelekea getini mwenyewe.